Gitaa Nililolifundisha Kabla ya Kulijua

Wiki iliyopita nilirudisha chuoni funguo za ofisi, daftari la mahudhurio na kiti kimoja ambacho, kwa mujibu wa mtunza stoo, nilikabidhiwa kikiwa na miguu minne. Tuliihesabu pamoja. Akaandika "mitatu", akanisainisha, akanitakia mapumziko mema. Nimestaafu kwa hiari nikiwa na miaka hamsini na mitano, umri ambao mke wangu anasema ni mdogo mno kwa mwanamume kukaa nyumbani akitoa maoni.

Ninyi wakufunzi vijana mliniomba niwaachie kitu kwa maandishi. Nadhani mlikuwa mnataka maandalio yangu ya Jiografia. Hayo yamo kabatini, rafu ya chini, na mchwa wameyala kidogo upande wa Mito na Maziwa. Vyeo sitavieleza, maana vilikuwa vichache na kila kimoja kilikuja na vikao vyake. Nitawaeleza mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha muziki, somo ambalo sikulisomea, kwa chombo ambacho sikuwahi kukishika. Katika miaka ishirini na sita ya kusimama mbele ya watu, huo ndio mwaka nilioingia darasani nikiwa na hofu ile ile waliyokuwa nayo wanafunzi.

Lakini nianze na siku ya kwanza kabisa. Nilishuka stesheni ya Tabora nikiwa na miaka ishirini na tisa, shahada ya chuo kikuu na tufe la dunia nililolipakata tangu Dar es Salaam kama mtoto mgonjwa. Kesho yake nikaingia darasani, nikachora ubaoni njia ya zamani ya misafara kwa chaki za rangi tatu, kutoka pwani hadi ziwani, kisha nikauliza kwa sauti ya kisomi: "Nani anaweza kutuambia hasa ilipita wapi?" Mama mmoja mtu mzima, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuja kujiendeleza, akanyoosha kidole dirishani. "Hapo nje, mwalimu. Nyuma ya choo."

Alikuwa sahihi. Nilipaswa kujifunza hapo kwamba mtu anaweza kuijua ramani vizuri na mahali penyewe asipajue. Sikujifunza.

Nilikuwa na miaka arobaini na sita mkuu wa chuo aliponiita ofisini. Mezani kwake kulikuwa na fomu iliyogeuka rangi, ile niliyoijaza siku ya kuajiriwa. Kwenye mstari wa "Mambo unayopendelea" nilikuwa nimeandika neno moja: muziki. Nilimaanisha redio.

"Wewe ni mtu wa muziki," alisema mkuu.

"Nasikiliza, mkuu."

"Ndiyo mwanzo wenyewe."

Mkufunzi wa muziki alikuwa amehamishwa katikati ya mwaka, na wanafunzi kumi na mmoja walikwisha kulichagua somo hilo. Mwishoni mwa muhula wa pili wangekuja wapimaji kutoka nje. Kila mwanafunzi angetakiwa kupiga chombo na kuimba huku akipiga, kama atakavyofanya mbele ya watoto wa darasa la pili. Chuo kisipokuwa na mkufunzi, hao kumi na mmoja wangegawanywa katika masomo mengine kama viti vya ziada. "Ni kwa muda tu," alisema mkuu, "hadi tutakapoletewa mtu." Mtu hakuletwa hadi leo. Au tuseme alikuwa mimi.

Stoo nilikuta magitaa saba. Moja lilikuwa makazi ya nyigu, jingine panya walikuwa wamelianzia kwenye tundu wakaendelea kadiri walivyoona inafaa. Matano yalifaa kufungwa nyuzi. Nikanunua kitabu cha kujifunza gitaa chenye picha za vidole vya mzungu, virefu kama vya mtu wa kuchuma papai bila ngazi, nikajifungia sebuleni kwa siku nne. Siku ya nne mke wangu akaongea kutoka jikoni, bila kupaza sauti.

"Baba Neema, kama ni mbuzi umemfunga humo, mfungulie."

Ndipo nikatafuta mwalimu. Kila niliyemuuliza mjini, Mwislamu kwa Mkristo, fundi saa kwa katibu wa parokia, alinitajia mtu mmoja: Mama Tabitha wa Kwihara, mpiga gitaa wa kwaya ya Wamoraviani. Alikuwa amekaa dirisha la tiketi pale stesheni ya Tabora hadi alipostaafu. Gitaa alijifundisha kazini, kati ya treni moja na nyingine, na kwa jinsi treni zilivyokuwa zikichelewa, alipata elimu ya juu.

Basi Jumamosi ya kwanza nikafunga gitaa mgongoni kwa kanga ya mke wangu, nikapanda baiskeli kwenda Kwihara. Kwa miaka kumi na saba nilikuwa nimewafundisha watu kwamba wapagazi walipita njia hiyo na meno ya tembo mabegani. Mimi nilikuwa na gitaa la kilo mbili, na nilipofika sikuweza kutoa salamu hadi nilipopata pumzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa kwanza, usije ukafia hapa nikaulizwa." Alikuwa mwanamke mwembamba, kamzidi mke wangu miaka kama kumi na mitano hivi, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Alikuwa anabangua karanga kwenye ungo na hakuacha kubangua. "Wewe ndiye mwalimu unayetaka kufundisha usichokijua?"

"Ndiye mimi, mama."

"Afadhali umekiri. Imba."

"Niimbe nini?"

"Chochote. Nataka kusikia sauti yako."

Nikaimba wimbo wa harusi, ule ambao kila mtu anaujua ubeti wa kwanza tu. Akainamisha kichwa, akasikiliza, akachukua gitaa lake, akajaribu nyuzi hapa na pale huku mimi nikiendelea, kisha akatikisa kichwa kwamba imetosha. Akaniwekea vidole vitatu kwenye nyuzi, kimoja kimoja, kama mtu anayepanga mayai. "Hapo ni Tabora," alisema. "Piga."

Nikapiga. Ilitoka sauti ya bati lililodondoka.

"Tabora mvua inanyesha," alisema. "Rudia."

Hivyo ndivyo alivyofundisha. Kordi, yaani zile sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja kuubeba wimbo, hakuzijua kwa herufi za vitabuni. Alizipa majina ya stesheni. Tabora ni nyumbani: wimbo unaanzia hapo na kuishia hapo. Kaliua, upande wa magharibi, ni matembezi. Unakwenda, unapumzika, huna haraka. Tura, upande wa mashariki, ni mahali pa kupita. Ukifika tu sikio linakusukuma urudi. Na Bukene, kwenye reli ya kwenda Mwanza, ndipo wimbo unapoingiwa na huzuni. Nilimuuliza Bukene imekosa nini.

"Wifi yangu anakaa huko," alisema.

Alifundisha kama alivyouza tiketi. Hakunisifu, hakunikemea, aliuliza tu ninakokwenda. "Unakwenda wapi, mwalimu?" "Kaliua, mama." "Mbona kidole kimeshuka Tura? Rudi dirishani, anza upya." Vidole vyangu vilivyolainishwa na chaki vilivimba nchani, vikachubuka, vikaota sugu. Kubadili kutoka Tabora kwenda Kaliua kulinichukua muda ambao treni halisi ingekuwa imefika na kushusha mizigo. Lakini wiki ya tatu nilifika bila kusimama njiani, nikarudi, na mama akaacha kubangua karanga kwa dakika nzima. Sijapata tuzo nyingine kama hiyo, na za chuo nimewahi kupata mbili.

Nililojifunza Jumamosi nililifundisha Jumanne. Wanafunzi sikuwaambia. Niliingia darasani na gitaa kama mtu aliyezaliwa nalo, nikabandika ubaoni karatasi ya manila yenye reli na stesheni zake, na kwenye andalio la somo nikaandika: "Mbinu shirikishi. Zana: ramani ya reli." Mkaguzi wa ndani alipita, akaiangalia, akaandika neno "ubunifu". Mkitaka kujua jinsi ubunifu mwingi wa kielimu unavyopatikana, ndivyo hivyo.

Kosa nililifanya wiki ya tano, na nililifanya kwa sababu ya usomi. Niliona aibu kuwapeleka watu mbele ya wapimaji na majina ya stesheni. Nikakaa na kile kitabu cha vidole virefu, nikalinganisha picha na stesheni zangu, nikatengeneza jedwali safi: Tabora ni G, Tura ni D, Kaliua ni C, Bukene ni E ndogo. Nikalipigia mstari chini kwa rula. Tabora iko pale ilipo, nusu siku kutoka Tura kwa treni, na haijapata kusogea tangu reli ilipojengwa. Mwalimu wa Jiografia asipokuwa na uhakika na hilo, ana uhakika na nini? Darasa zima likanakili. Kuanzia siku hiyo kila wimbo ulianzia pale pale, na kila mtu aliimba hapo hapo.

Kumi waliimba, wengine kwa kujikaza. Mmoja hakuweza.

Veronika alitoka Ipole, kwa wazazi wanaolima tumbaku na kutundika mizinga msituni. Alikuwa mkimya, vidole vyake vilikuwa vigumu tayari kabla ya kukutana na gitaa, na ndani ya wiki mbili alikuwa akipiga vizuri kuliko wote, mwalimu akiwemo. Lakini sauti yake ilikuwa nzito, ya chini, kama ya mtu anayezungumza akiwa ndani ya mzinga. Akianza wimbo pale tulipoanza sote, njiani ilimbidi apande, na akipanda sauti ilipasuka. Akijaribu kuuimba chini kabisa, kama waimbavyo wanaume, ilizama isisikike. Wenzake hawakumcheka, walitazama madaftari, na hilo nadhani lilikuwa baya zaidi.

Wiki tatu kabla ya wapimaji nilimwita ofisini. Nilikuwa na fomu ya kubadili somo, na sehemu yangu nilikwisha kuijaza: "Sababu: sauti haifai."

"Mwalimu, lakini gitaa nalipiga."

"Unalipiga vizuri sana. Ila wapimaji watataka uimbe huku unapiga. Usipoimba umeanguka, na ukianguka somo moja unarudia mwaka."

"Nyumbani huwa naimba."

"Nyumbani hakuna wapimaji."

Nimetoa sentensi nyingi za kijinga katika maisha yangu ya kazi, nyingine mbele ya mgeni rasmi. Hiyo ndiyo ambayo ningeifuta kwanza.

Akaisoma fomu yote, mpaka maandishi madogo ya chini. "Nikihama nakwenda somo gani?"

"Kuna nafasi Jiografia."

Akasaini. Akasema, "Asante, mwalimu," akaondoka akiwa ameushika mlango ili usijibamize. Fomu nikaipeleka kwa mkuu. Ingepitishwa kwenye kikao cha taaluma Jumatano. Nilijiona nimefanya jambo la huruma.

Jumamosi nikamsimulia Mama Tabitha, kama mtu anavyomsimulia mwenzake habari za kazini, na nadhani nilitaka anisifu kidogo. Alikuwa amefika nusu ya ungo.

"Huyo binti anaanzia wapi?" aliuliza.

"Tabora, mama, kama wote."

"Tabora ya nani?"

Nikamwambia Tabora ni Tabora. Nikamtolea jedwali langu kutoka mfukoni. Akavaa miwani, akalisoma, akarudia kulisoma, akanitazama juu ya miwani kama walivyotazamwa watu waliofika dirishani na tiketi ya juzi.

"Mwalimu, siku ile ya kwanza nilikuambia uimbe. Ulidhani nilikuwa na hamu ya harusi?"

"Sikujua, mama."

"Nilikuwa natafuta sauti yako inakaa wapi. Nikaipata, nikakuwekea Tabora hapo. Ni yako. Tabitha wangu akiongoza kwaya, Tabora inakuwa juu. Mzee wa kanisa akiongoza, naishusha. Na wewe umechukua ya kwako, ukawapa watoto wa watu."

"Mama, stesheni haihami."

"Ya serikali haihami." Akakunja jedwali, akanirudishia. "Umewakatia watu kumi na mmoja tiketi kutoka nyumbani kwako. Huyo mmoja hakai kwako. Unamfukuza kwa sababu hiyo?"

Ndani ya nyumba, Tabitha mwenyewe, binti yake, alicheka, na kwa kuwa sikujua kama ananicheka mimi au simu, nikachukulia ni mimi.

Mama akaingia ndani, akarudi na penseli na kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Akailaza penseli juu ya nyuzi, kwenye shingo ya gitaa, nyuma kidogo ya chuma cha tano kati ya vile vinavyoikata shingo, akaikaza kwa mpira. Akaniambia nipige Tabora kwa vidole vile vile, mbele ya penseli. Nikapiga. Vidole vilikuwa vile vile lakini sauti ilikuwa imehama yote, imepanda juu, na nilipokwenda Kaliua na Tura, nazo zilikuwa zimehama pamoja nayo, kila moja ikiwa umbali ule ule kutoka nyumbani. Nilikuwa na miaka arobaini na sita na shahada moja. Nilirudia mara sita.

"Yule binti anayezama chini, hapa atainuliwa. Sasa jaribu kuimba," alisema.

Nikaanza ule wimbo wa harusi. Kwenye neno la nne sauti yangu ilipasuka kama ya mvulana anayebaleghe.

"Eh," alisema Mama Tabitha, akarudi kwenye karanga zake. "Na wewe tukuhamishie Jiografia."

Jumatatu asubuhi nilikuwa mlangoni kwa mkuu kabla hajafungua. Nikamwambia nataka fomu ya Veronika.

"Umeandika mwenyewe kwamba sauti haifai."

"Inafaa, mkuu. Mimi ndiye niliyekosea mahali pa kuanzia."

"Ni kosa la uandishi?"

"La kitaaluma."

Mkuu akafungua mlango, akakaa. Alikuwa mtu mwema, lakini kazi ilikuwa imemfundisha kwamba karatasi ikiingia haitoki. "Hilo neno la kukosea," alisema, "sijalisikia likitoka kwa mkufunzi tangu nikae kiti hiki. Haya, andika barua ya kuondoa fomu." Nikaandika hapo hapo, mistari miwili: Naondoa pendekezo langu. Sababu: mkufunzi hakujua. Akaigonga mhuri. Imo kwenye faili la Veronika mpaka leo, na imo na kwenye langu.

Nilimkuta Veronika bombani akijaza ndoo.

"Veronika, nilikukosea. Sauti yako haina tatizo. Tatizo lilikuwa kwangu."

Akafunga bomba kwanza. "Fomu iko wapi?"

"Nimeiondoa."

"Nilishamwambia baba, mwalimu. Nilimpigia Ijumaa."

"Alisemaje?"

"Alisema mwalimu ndiye anayejua."

Akajitwika ndoo, nami nikabaki pale nikiangalia maji yaliyomwagika, maana sikuwa na mahali pengine pa kuangalia.

Jumanne nikawaambia wote. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno ya kisomi kuhusu safari ya kujifunza, yakanitoka kichwani. Nikasema tu kwamba gitaa nimeanza kujifunza muhula huu, kwamba kila walichofundishwa nilikijua siku tatu kabla yao, na kwamba nimewapa wote Tabora yangu bila kuwauliza sauti zao zinakaa wapi. Nikangoja wanishangae.

Hamisi, kijana wa mjini, mtoto wa fundi cherehani, akanyoosha mkono. "Mwalimu, tulijua."

"Mlijua nini?"

"Kwamba tuko darasa moja. Jumamosi unapita pale dukani kwa baba na baiskeli, gitaa umelibeba kama mtoto. Jumatatu unashika chaki kwa vidole viwili. Tukasema, mzee anasoma." Akasita. "Hilo la Tabora ndilo hatukulijua."

Asubuhi hiyo hatukufundisha kitu kingine. Fundi baiskeli wa getini alitupa vipande vya mpira, penseli tulikuwa nazo. Mmoja mmoja aliimba, na sisi wengine tukasogeza penseli juu na chini mpaka tukasikia kwamba hapo ndipo. Wengine ilikuwa karibu na kwangu. Hamisi, ambaye siku zote alijidai kuimba sauti nene, alikutwa anakaa juu kabisa, akataniwa hadi chakula cha mchana.

Veronika aliomba awe wa mwisho. Aliweka penseli mwenyewe, hakutaka msaada. Akapiga Tabora mara moja, akaisikiliza, akasogeza penseli chuma kimoja, akapiga tena. Kisha akaimba wimbo wa kubembelezea mtoto wanaouimba kwao, wa Kinyamwezi, polepole. Sauti ilikuwa ile ile nzito, ila safari hii ilikuwa na mahali pa kukanyaga. Ilipofika pale ilipozoea kupasuka ilipita bila kujigonga, kama mtu anayeingia kwake gizani. Wenzake waliacha kukaza nyuzi zao. Hakunitazama alipomaliza, nami sikusema "vizuri sana". Nilikuwa nimeshasema vya kutosha muhula ule.

Wapimaji walikuja wawili, mwanamke mmoja mwenye daftari na mwanamume mmoja mwenye mafua. Waliwaita wanafunzi kwa orodha. Hamisi akaombwa apige G, akaipiga. Jedwali langu halikupotea bure kabisa. Mmoja baada ya mwingine wakapita, wengine vizuri, wengine kama Tabora mvua inanyesha, lakini walipita. Kanuni iliruhusu gitaa la pili la kusindikiza, na wote walikuwa wamenichagua mimi, kwa sababu ambazo sijapenda kuzichunguza.

Veronika alikaa, akaweka penseli yake, akaukaza mpira kwa meno.

"Hiyo penseli ya nini?" aliuliza mpimaji wa kike.

"Ya kuhamisha Tabora, mama."

Mpimaji akaacha kuandika, akanigeukia. Mwenye mafua naye akanigeukia. Nilifungua kinywa nieleze, lakini Veronika aliendelea, kwa utulivu uleule aliosomea ile fomu. "Kila mwimbaji ana mahali sauti yake inapoanzia. Nikienda kufundisha, watoto hawatakuwa na sauti yangu. Nitawasikiliza kwanza, niwahamishie wimbo, ndipo tuimbe. Mwanzoni hatukulijua hilo. Mwalimu wetu alikosea, akatuambia amekosea, tukaanza upya."

"Alikosea?" alisema mpimaji.

"Ndiyo, mama. Yule pale."

Mpimaji akafungua ukurasa mpya. "Endelea," alisema.

Akaanza. Nilimfuata kwa gitaa la pili, macho yangu kwenye vidole vyake, maana kwa hofu nilikuwa nimesahau tunakokwenda. Ubeti wa kwanza nilifika naye. Wa pili alitoka Bukene kurudi nyumbani mimi nikiwa bado nimesimama, nikaingia nimechelewa pigo zima, nikamkanyaga. Hakuyumba. Alinipunguzia mwendo kidogo tu hadi nikamfikia, tukamaliza pamoja. Mpimaji mwenye mafua alikuwa ameshusha leso, ameisahau mkononi.

Matokeo yalichukua wiki kadhaa kuja kwa barua, lakini yeye alishajua siku ile, na mimi pia. Wapimaji walipokwenda kunywa chai, tulibaki darasani tukikusanya magitaa. Aliifungua penseli, akaizungushia mpira wake, akaitia kwenye mfuko wa sketi. Nilitaka kumpongeza na nilikuwa natafuta neno lisilokuwa la mgeni rasmi.

"Mwalimu," alisema kabla sijalipata, "ubeti wa pili ulichelewa kuingia."

"Nilijisikia."

"Kutoka Bukene unainua vidole vyote. Cha pete usikiinue mapema. Kesho saa nane nina nafasi. Tukae tuurudie."

Kesho yake saa nane kasoro dakika tano nilikuwa nimekaa kwenye dawati la mbele, gitaa mapajani, nikimsubiri.